Binamu, liweke chini hilo jembe

Binamu yangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema ule muhuri wa Suleimani, mmea wa maua wa kivulini niliokumegea, una mwaka wa pili sasa chini ya mti wako, umetoa mashina mawili tu, na wiki ijayo unaung'oa. Nakujibu hapa hadharani kwa kuwa najua si wewe peke yako uliyeshika jembe.

Kwanza niungame. Wangu nao ulinichosha kwa kungoja, nikaufukua kwa kidole nione kama uko hai. Ulikuwa hai. Nikalivunja tumba lake, jeupe, nene, lenye ncha, na hilo ndilo lilikuwa shina la msimu ule. Mwaka mzima ukaenda na maji.

Ila nilipoufukua niliona kitu. Shina lake la chini limelala ubavu kama tangawizi, pingili kwa pingili, na juu ya pingili kuna kovu la mviringo. Kila mwaka ncha husogea mbele kidogo na kutoa shina moja. Baridi ikija shina linanyauka, linang'oka lenyewe na kuacha kovu. Ukiyahesabu makovu unajua kipande kina miaka mingapi. Inasemekana ndiyo yaliyouletea jina, kama alama ya pete ya Suleimani kwenye nta. Wataalamu wanauita Polygonatum, Kigiriki cha "magoti mengi", na kwa kweli ni magoti matupu.

Sasa mmea unaotembea goti moja kwa mwaka, utaushindanisha na nini? Na shukuru nilikupa kipande. Mbegu zake huweza kungoja majira mawili ya baridi kabla ya kuonyesha jani.

Nahisi tatizo lako ni maji. Kivuli haukiogopi kabisa, na ukishashika mizizi hata kivuli kikavu unakistahimili. Lakini mgeni chini ya mti mkubwa ananyang'anywa kila tone na mizizi ya mwenye nyumba. Mwagilia vizuri, tandaza mboji na majani makavu, basi. Usiuzamishe zaidi ya sentimita 5 hivi, na tumba litazame juu.

Viwavi vya kijivu ulivyoviona si viwavi vya kipepeo. Ni mabuu ya mdudu wa ukoo wa nyigu. Viokote kwa mkono. Hata vikiacha mifupa mitupu ya majani, mmea utarudi mwakani, ukiwa umenuna kidogo. Cha kuogopa ni matunda yake, meusi ya kibuluu, maana yana sumu na watoto huyaona kama peremende. Yakate mapema.

Maua bado hujayaona vizuri kwa sababu unayatazama ukiwa umesimama. Shina linapinda kama upinde, majani yote yameinuka kama mabawa, na maua yananing'inia chini yake kwa safu: vijineli vyeupe, midomo imeguswa rangi ya kijani. Lazima uchuchumae. Ndiyo maana nilikwambia uupande karibu na njia, ukaupeleka nyuma kule.

Ukishikilia kuung'oa, usiutupe. Ufungie kwenye gazeti lenye unyevu, tumba usiliguse, unirudishie. Mimi kivuli ninacho.