Harambee ya Kuokoa Madaftari: Wito kwa Wanafunzi wa Zamani wa Shule za Pwani

Ndugu zetu mliosoma katika shule zetu, wazazi, walimu na wahisani wote, mlio hapa nyumbani na mlio ng'ambo, tunawasalimu kwa heshima. Asalaam aleikum. Bwana asifiwe.

Mvua za masika ya mwaka huu ziliingia katika stoo ya shule mojawapo mwanachama wetu, huko Kilifi. Mabati yalikuwa yameliwa na kutu ya chumvi ya bahari, maji yakateremka hadi kwenye rafu ya mbao yalipokuwa madaftari ya kuandikisha wanafunzi. Karani alipofungua mlango Jumatatu asubuhi alikuta kurasa za miaka ya 70 zimegandana kama mkate uliolowa chai. Wino ulikuwa umetanda, na madaftari ya rafu ya chini mchwa walikuwa wamekwisha kuyaanza kabla ya mvua. Walimu na vijana wa Fomu ya Tatu waliyaanika uani juu ya magunia, wakizitenganisha kurasa moja moja kwa kisu cha mezani. Baadhi zilisomeka. Nyingi hazikusomeka, na hakuna nakala nyingine popote duniani.

Anayedhani ni makaratasi tu afikirie mama mmoja aliyefika shuleni hapo wiki chache baadaye. Alitaka barua ya kuthibitisha kwamba alisoma pale na mwaka aliozaliwa, maana karatasi zake za kustaafu zilikuwa zimekwama kwa tofauti ya tarehe. Ukurasa wake ni miongoni mwa zilizopotea. Mwalimu mkuu alimpa kiti na maji ya kunywa. Barua hakuweza kumpa.

Umoja wetu unawakusanya wanaofanya kazi ya kuchangisha fedha na kuwatafuta wanafunzi wa zamani katika shule 14 za sekondari za umma za Mombasa, Kwale na Kilifi. Ni makatibu wa vyama vya wanafunzi wa zamani, walimu waliobebeshwa jukumu hilo juu ya vipindi vyao vya kawaida, na wajumbe wa bodi za shule. Hakuna anayelipwa. Mimi nimekabidhiwa uenyekiti, na sifichi kwamba naona haya kuandika barua hii. Tuliungana ili kuzisaidia shule zijue kuomba kwa heshima na kutoa hesabu kwa wakati. Leo umoja wenyewe ndio unaonyoosha mkono, kwa sababu tumegundua kwamba mafunzo yote tunayotoa hayana pa kushikia ikiwa shule haijui iliwasomesha nani.

Zamani jambo hili lilifunikwa na namna tulivyozoea kuchangisha. Shule ikitaka bweni, inaalika mheshimiwa, mheshimiwa anakuja na marafiki zake, pesa zinahesabiwa mbele ya kipaza sauti, jioni mambo yamekwisha. Tarehe 5 Julai 2024 Rais William Ruto alitangaza kwamba maofisa wa serikali wasishiriki tena harambee. Mimi naliona agizo hilo kuwa la haki, maana michango ya aina ile iliwafanya watu wetu wawe watazamaji wa hisani ya mtu mmoja. Lakini mahitaji ya shule hayakuondoka na waheshimiwa. Kiwango cha ruzuku ya serikali cha shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kilichowekwa mwaka 2018, kilikusudiwa masomo ya kutwa. Hakijengi bweni wala maabara, na kila mwalimu mkuu anajua kinavyochelewa kufika. Anayebaki ni wewe uliyesoma pale. Na ili shule ikufikie, jina lako ni lazima liwe limeandikwa mahali panapokauka.

Watu wetu wanaijua kazi hii tangu kabla ya uhuru. Chuo cha walimu cha Githunguri, kilichoanzishwa na Peter Mbiyu Koinange mwaka 1939, kilichangiwa na marika: kila rika likajipanga kama rika, likashindana na rika lingine, na aliyetaka kukwepa alijulikana kwa wenzake. Serikali ya mkoloni ikakifunga mwaka 1952. Hapa Pwani tunacho kile kilichoitwa MIOME, yaani Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Sultani wa Zanzibar, Khalifa bin Haroub, alitoa, Aga Khan alitoa, Mabohora walitoa, na Sheikh Khamis bin Mohammed bin Juma Mutwafi akatoa ardhi. Wangapi kati yetu wamepata ufundi na kazi kwa sababu ya kiwanja kile!

Na tusidhani wenzetu wa Marekani walizaliwa na mamilioni benki. Chama cha wanafunzi wa zamani cha Williams College, ambacho ndicho cha zamani kuliko vyote vilivyopo hadi leo, kilianzishwa mwaka 1821 kwa hofu. Mkuu wa chuo alikuwa ameondoka na baadhi ya wanafunzi kwenda kuanzisha chuo kingine, Amherst, na watu wakasema Williams itakufa. Waliosoma pale wakakutana, wakakataa ife. Chuo Kikuu cha Yale nao walianza mfuko wao wa kila mwaka mwaka 1890, na hadi leo waliohitimu mwaka mmoja huchangishana wenyewe kwa wenyewe, sawasawa na marika ya Githunguri. Baadaye hata wanaofanya kazi hiyo katika vyuo mbalimbali wakaona haja ya kuwa na chama chao cha taaluma: vyama viwili viliungana mwaka 1974 vikawa CASE, yaani Baraza la Kuendeleza na Kusaidia Elimu, ambacho makao yake yako Washington na wanachama wake ni shule na vyuo vya nchi nyingi. Nimeisoma miongozo yao kwa makini tangu nipewe nafasi hii. Mambo ya teknolojia yamo mengi, lakini ukiyachimba unakuta msingi ni orodha sahihi ya majina na barua ya shukrani inayotumwa kwa wakati.

Hili si la nadharia kwetu. Shule mojawapo ya Kwale ina daftari zima, kavu, tangu siku ilipofunguliwa. Katibu wao alikaa nalo jioni baada ya jioni, akapata majina ya darasa moja la mwisho wa miaka ya 80, akamtafuta mmoja, huyo akamtafuta mwenzake. Wengine walipatikana Doha na Jeddah, mwingine ni fundi mitambo bandarini, mwingine anauza samaki Gazi. Waliponunua matangi ya maji, muuza samaki alitoa kama wenzake, kwa kiasi chake, na jina lake limepigwa rangi pamoja na yao. Wasichana wa shule hiyo hawaendi tena kisimani kabla ya alfajiri. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Tunachoomba ni shilingi 1,700,000. Kati ya hizo, 420,000 ni za kuezeka upya chumba kimoja cha kumbukumbu na kununua kabati za chuma, na 260,000 ni za kompyuta mbili na mashine ya kupiga picha kurasa bila kuzikunja. Makarani wawili wa mwaka mmoja watachukua 780,000. Ndilo fungu kubwa na ndilo linaloulizwa sana, basi nalijibu hapa hapa: kazi hii ilijaribiwa kwa kujitolea ikafa, kwa sababu mwalimu mwenye vipindi na mitihani ya kusahihisha hawezi kunakili majina elfu kadhaa. Nauli na usafirishaji wa madaftari ni 150,000, na mkaguzi wa hesabu wa nje 90,000. Mpaka sasa zimeingia 312,000. Tumepungukiwa 1,388,000.

Fedha zinaingia katika akaunti ya umoja yenye watia sahihi watatu, na hakuna anayeruhusiwa kutoa akiwa peke yake. Kila atoaye atapata risiti. Ripoti ya mkaguzi itabandikwa katika mbao za matangazo za shule zote 14 na kupelekwa kwa kila mchangiaji, awe ametoa shilingi 50 au 50,000. Mwaka 1993 CASE na wenzake walitoa tamko la haki za mwenye kutoa, kwamba ana haki ya kujua pesa yake imefanya nini, ya kujibiwa kweli anapouliza, na ya jina lake kuondolewa katika orodha akitaka. Kamati yetu imekubali kufungwa na haki hizo. Majina yenyewe yatahifadhiwa kwa kufuata Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: hayatauzwa, hayatapewa mwanasiasa yeyote, na namba ya simu ya mtu haitaingizwa bila idhini yake.

Sasa naomba niseme na baadhi yetu kwa upole. Kuna shule ambazo watoto wake wa zamani wana majumba Nyali na magari yanayopita mbele ya lango la shule kila Ijumaa, na ada ya uanachama ya chama chao haijalipwa tangu mwaka juzi. Sitaji shule. Wenyewe mnajijua, na walimu wenu wazee waliostaafu wanajua pia, maana ndio wanaotuuliza habari zenu. Kwa upande mwingine, mpishi mstaafu wa shule mojawapo, ambaye hakupata kusoma sekondari, alileta shilingi 1,000 katika bahasha. Alisema vijana aliowapikia ni wake.

Walio Waislamu wanaikumbuka hadithi ya Mtume (s.a.w.) kwamba mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa na mtoto mwema anayemwombea. Wakristo wanajua Paulo alivyowaandikia Wakorintho, kwamba Mungu humpenda yeye atoaye kwa moyo wa ukunjufu. Sina la kuongeza juu ya maneno hayo.

Harambee yenyewe ni Jumamosi ya kwanza ya Desemba, saa tatu asubuhi, shule zikiwa zimefungwa. Makatibu wa vyama vyenu wanazo kadi za mchango, namba ya akaunti na jina la shule mwenyeji. Hakuna mgeni wa heshima. Tutaita mwaka kwa mwaka: waliofanya mitihani ya zamani ya KCE (Kidato cha Nne) na KACE (Kidato cha Sita), wa KCSE ya kwanza ya 1989, hadi wa juzi, na kila mwaka utatangaza ulicholeta. Walio Ghuba, Ulaya na Marekani watume kupitia makatibu hao kabla ya siku hiyo ili mwaka wao usiitwe ukakosa wa kuitika.

Na hata asiye na shilingi asibaki nyumbani. Lete picha ya darasa lako, cheti cha kuondokea shule, ripoti ya muhula, daftari la kumbukumbu ambalo wenzako walikuandikia mlipoagana. Makarani watapiga picha hapo hapo na kukurudishia mkononi. Kwa kurasa zile zilizoharibika Kilifi, hiyo ndiyo njia pekee iliyobaki ya kujua nani alikaa dawati gani, na tunawahitaji hasa waliosoma huko kati ya 1971 na 1979.

Mwenyekiti,
kwa niaba ya kamati ya umoja