Inchi mbili ndani ya mshono

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani, nashona nguo za wanawake hapa Mwembetanga. Naomba nafasi niseme machache juu ya hizi dawa za kupungua zinazotangazwa kila ukifungua simu: chai ya kukata tumbo, vidonge vya kitambi, kilo kumi ndani ya mwezi. Udaktari sikusomea. Lakini ninalo daftari la vipimo, kiuno, kifua na nyonga, mteja yule yule mwaka baada ya mwaka, na daftari halimwonei mtu haya.

Harusi zetu hufululiza Shaaban, kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Bibi harusi, mawifi, mashoga wa sare, kila mmoja kajinyima wiki kadhaa. Anakuja kupimwa, anasema, "Fundi, bana hapa, bado nitapungua." Naitikia nabana, ila ndani ya mshono namwachia inchi mbili za kitambaa bila ya kumwambia. Mfungo Tatu, mwezi wa tatu baada ya Ramadhani, haujesha nguo imesharudi: "Fundi, hebu niachie kidogo." Nafumua, naachia, wala hatusemezani sana.

Siwacheki. Mwili ulionyimwa kwa ghafla huzidi kuona njaa, na wenyewe huanza kutumia nguvu chache kuliko zamani, kwa hiyo mtu akirudia chakula chake cha kawaida tu, bila ya pupa, uzito unarudi. Na hapo katikati imepita Ramadhani, ambayo tungetaraji itupunguze. Futari yetu tunaijua: muhogo wa nazi, magimbi, ndizi mbivu, tambi za sukari, kaimati, sambusa, na juisi ya kuteremshia. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kalori kama 120. Daku sijaitaja.

Wapo wateja wangu wachache walioshuka na mpaka leo hawajapanda, na hao nimewauliza wamefanyaje. Mmoja ni mwalimu wa skuli, anakaa Michenzani. Alianza na chai peke yake. Alikuwa akinywa vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu vya sukari kila kikombe. Jumla kumi na mbili, na Shirika la Afya Duniani linasema ni bora sukari ya kuongezwa isizidi gramu 25 kwa siku, kama vijiko sita, soda na juisi humo humo. Akapunguza nusu kijiko mpaka ulimi ukazoea, akapunguza tena. Nyumbani hakumtangazia mtu. Ulipopita muda akaongeza kutembea: akishasali Alfajiri harudi kitandani, anavaa viatu pale pale. Sala haikosi siku, ndiyo maana kutembea kwake kumedumu. Akikosa leo, kesho anatoka kama kawaida, habari ya kujilipizia hana.

Watafiti wa University College London waliwahi kufuatilia watu waliokuwa wakijizoesha jambo jipya, wakakuta huchukua wastani wa siku 66 mpaka mtu alifanye bila ya kujikumbusha. Wengine siku 18 tu, wengine ilikadiriwa 254. Na kukosa siku moja hakukuwarudisha nyuma. Sasa hiyo chai ya mwezi mmoja itamzoesha nini mtu?

Mwingine ni mama wa Jang'ombe, yeye ugomvi wake ulikuwa na sinia. Mkila watu watano sinia moja, nani anajua kala kiasi gani? Akaanza kujipakulia sahani yake, mchicha na samaki kwanza, wali baadaye. Mumewe akanuna, "Kwani umekuwa mgeni humu?" Akavumilia. Kisha akageukia nazi: siku za kawaida wali anaupika kwa tui jepesi, tui zito linangoja Ijumaa. Watoto hawakutambua. Mume alitambua, akala.

Ombi langu kwa gazeti ni hili. Kila Januari 1 mnatoa picha za matembezi ya mazoezi ya viungo, viongozi mbele, fulana za rangi moja. Yanapendeza. Lakini mtu mzima anatakiwa apate angalau dakika 150 za mazoezi kila wiki, na wiki za mwaka ni 52. Wanawake wa Ng'ambo, mitaa yetu hii ya mjini Unguja, wanaotoka baada ya Alfajiri wanapita vichochoro visivyo na taa, bodaboda zinawakwaruza, wengine wameacha kwa hofu. Hayo ndiyo ya kuandikwa, na wenye dhamana ya taa waulizwe. Tumeni mpigapicha mwezi wa Mei, masika yamekolea, awahi kabla ya jua. Mwalimu wangu yuko tayari, ila kasema sura yake isitoke gazetini. Viatu tu.

Fundi cherehani,
Mwembetanga, Unguja