Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya mambo ya kale: wenyewe waulizwe kabla mfupa haujakatwa

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu vibali vya kupima umri wa makaburi ya kale ya wenyeji kwa mifupa ya waliozikwa humo. Sipingi upimaji. Naomba kibali kisitoke kabla wazawa hawajakaa na watafiti wakaridhia.

Yafaa ujue mfupa unafanywa nini. Kipande hutobolewa kwa keekee ndogo, kikalowekwa katika asidi hafifu hadi madini yayeyuke. Kinachobaki ni kolajeni, kitu laini kinachopenya mwanga kama jeli. Nacho huchomwa, ndipo ikapimwa kaboni-14 iliyosalia, aina ya kaboni yenye mionzi ambayo hupungua nusu kila miaka 5,730. Cha kipande hicho hakuna cha kurudisha kaburini. Anayemwita marehemu huyo babu ana haki ya kuyasikia haya mapema.

Tena mara nyingine hukatwa bure. Penye joto na unyevu kolajeni huoza ikaisha. Dalili yake ni naitrojeni, ambayo katika mfupa hutoka hasa kwenye kolajeni: mfupa mbichi unayo karibu asilimia 4; ikishuka chini ya 1, matumaini ni madogo. Unga wa miligramu chache tu unatosha kulijua hilo. Kwa nini lisiwe sharti la kibali?

Na mfupa hausemi kweli yote peke yake. Katika Ziwa Mungo, Australia, vipimo vya mifupa vilitoa miaka 62,000; mchanga wa kaburi ulipopimwa, ikawa kama 40,000. Mara nyingi mchanga au mkaa ulio kando unaweza kuanza kupimwa, mwili ukaachwa.

Kinachoniuma zaidi ni yule marehemu wa kale ambaye mifupa yake ilionekana Kennewick, Marekani, mwaka 1996. Umri wake, takriban miaka 8,500, ulibidi urekebishwe kwa kuwa alikula sana vyakula vya baharini, na kaboni ya bahari humfanya mtu aonekane mkongwe kuliko alivyo. Makabila ya pale yalisema tangu mwanzo kwamba ni mtu wa kwao. Kesi yake ikavutwa mahakamani miaka na miaka. DNA ikawaunga mkono mwaka 2015, naye akazikwa upya Februari 2017. Miaka 20 na ushei mzee wa watu amekaa kwenye makabati!

Mheshimiwa, vibali vilivyo mezani kwako visisainiwe hadi kila kimoja kiwe na barua ya ridhaa ya wazawa, matokeo ya naitrojeni, na tarehe ya kuirudisha mifupa.

Wako mwaminifu,
Mwananchi