Risala ya Chama cha Hesabu na Kompyuta kwa Mgeni wa Heshima

Mgeni wetu wa heshima, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzangu, asalaam aleikum na hamjambo.

Tunakushukuru kwa kuvuka feri kuja kwetu Likoni asubuhi hii, na foleni yake tunaijua.

Mwaka huu tumeunda programu ndogo ya kuwasaidia wavuvi wa Mtongwe kuamua kama waende baharini au wasiende msimu wa kusi. Kilichotusumbua ni kwamba vyanzo vya utabiri havipatani: kimoja kinasema upepo wa kilomita 20 kwa saa, kingine 45. Nahodha amsikilize nani?

Njia ya kwanza ni kukipa kila chanzo uzito kulingana na makosa yake ya nyuma. Tuseme cha kwanza hukosea kwa kilomita 5 na cha pili kwa 10. Uzito ni 1 kugawa kwa kipeo cha pili cha kosa: 1/25 dhidi ya 1/100, yaani 4 kwa 1. Ukipiga hesabu, (4 × 20 + 1 × 45) ÷ 5, unapata upepo wa kilomita 25. Jibu safi, na usafi wake ndio uliotutia shaka. Vyanzo vyenye makosa ya kadiri hiyo si kawaida kuachana kwa kilomita 25, yaani kutoka 20 hadi 45. Huenda kimoja kimeharibika, au hali ya hewa inageuka, na wastani umetuficha hilo.

Tukajaribu kura. Hesabu ya mwaka 1785 ya Condorcet, mwanahisabati Mfaransa, inaonyesha kwamba washauri watatu, kila mmoja akipatia mara 70 kwa 100, uamuzi wa wengi wao utapatia mara 78 hivi. Sharti ni kila mmoja awe na rai yake. Vyanzo viwili vinavyochota data mahali pamoja ni shahidi mmoja aliyebadilisha kanzu.

Iko pia kanuni ya mwanatakwimu Dempster ya mwaka 1967, ya kuunganisha ushahidi. Mwanasayansi wa kompyuta Lotfi Zadeh aliipinga kwa mfano wa madaktari wawili. Wa kwanza ana uhakika wa 0.99 kuwa ni homa ya uti wa mgongo, wa pili 0.99 kuwa ni mtikisiko wa ubongo, na kila mmoja ameachia uvimbe wa ubongo 0.01 tu. Kanuni inaondoa yote wanayopingana, kisha inatamka uvimbe kwa uhakika kamili!

Ndiyo maana programu yetu, tofauti ikipita kiasi, haitoi jibu moja. Inaandika "Vyanzo vimepingana" na kuvionyesha vyote. Baadhi ya wenzetu wanaona tumekwepa kazi. Mimi naona hapo ndipo kazi ilipofanyika.

Mgeni wetu, tuna maombi mawili: kipima upepo cha kufunga juu ya paa la maabara, tupime wenyewe makosa ya kila chanzo, na utuombee kwa viongozi wa wavuvi watuwekee daftari la upepo wanaoukuta baharini.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama.