Risala ya Klabu ya Jiografia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Skuli, Pemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu na walimu wetu,
Mheshimiwa Sheha,
Wajumbe wa Kamati ya Skuli,
Wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Assalaamu alaykum.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujaalia uhai na uzima, na kwa kutuzuilia mvua angalau asubuhi hii, maana turubai lililo juu yenu ni la kuazima na lina tundu. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuitika wito wetu. Tumeambiwa umesoma hapa hapa, na kwamba sasa ni mhandisi wa umwagiliaji. Habari hiyo ilitufurahisha, kisha ikatutia khofu, kwa sababu risala yetu inahusu mifereji na hesabu zake tumezipiga wenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuanze na neno lenyewe. Mwenzetu mmoja alimwambia bibi yake kwamba klabu inachora mtandao wa mifereji wa taifa zima. Bibi akauliza, "Na maji yatatoka?" Huku kwetu mfereji ni bomba la maji la uani, unalolifungua asubuhi ukasikia upepo. Tulicheka sana siku ile, lakini swali la bibi limetufuata mwaka mzima. Basi leo tukisema mfereji tunakusudia njia ya maji iliyochimbwa na watu, iwe ya kupitisha vyombo au ya kumwagilia.

Tulianza kwa kusoma za wenzetu. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869. Haukuhitaji lango hata moja, yaani chumba cha maji cha kupandisha na kushusha meli, kwa kuwa bahari mbili zile hazipishani sana usawa. Ulichimbwa Misri lakini mtikisiko wake ulifika Forodhani: kufikia mwaka 1872 meli za moshi za barua zilikuwa zinakuja Unguja kwa ratiba, na majahazi yaliyozoea kungojea kaskazi na kusi yakapata mshindani asiyengojea upepo. Ferdinand de Lesseps, aliyeusimamia mfereji ule, akenda Panama akitaka kuchimba vile vile, usawa mmoja toka bahari hadi bahari. Milima, mvua, malaria na homa ya manjano vilimshinda, na kampuni yake ikafilisika mwaka 1889. Wamarekani waliomaliza kazi mwaka 1914 waliukubali mlima. Walizuia mto Chagres, wakafanya ziwa la Gatun, na meli mpaka leo hupandishwa kwa malango hadi kiasi cha mita 26 juu ya bahari, ikapita ziwani, ikateremshwa upande wa pili. Kila chombo kikipita, maji matamu ya ziwa yanamwagikia baharini. Mwaka 2023 mvua zilipokuwa haba, idadi ya meli za kila siku ilibidi ipunguzwe. Hata Panama, kumbe, kuna siku swali la bibi linaulizwa.

Afrika nayo ina mwengine. Mwaka 1978 mashine kubwa ilianza kuchimba mfereji wa Jonglei, katika nchi ambayo sasa ni Sudan Kusini, ili maji ya Nile yapite pembeni mwa kinamasi cha Sudd. Zilipangwa kilomita 360. Vita vikazuka zikiwa zimeshachimbwa zaidi ya 200, na mashine ikabaki porini na kutu yake.

Lakini mtu aliyetuteka akili hakuchimba hata kipande kimoja. Miaka ya 1940 Mwingereza J. F. Pownall alitazama ramani ya nchi yake akaona kitu. Ukifuata ardhi iliyo futi 310 juu ya usawa wa bahari, yaani kama mita 95, unaweza kuzunguka kutoka London hadi karibu na Bristol, Birmingham, Manchester mpaka upande wa Newcastle, bila kupanda wala kushuka. Akapendekeza mfereji mmoja mkubwa katika usawa huo mmoja, wa kupitisha vyombo vikubwa bila lango njiani, na maji yake yagawiwe sehemu zenye upungufu. Uingereza ilikuwa tayari na mifereji mingi ya zamani, mingi yake myembamba na yenye malango kila baada ya hatua, iliyochimbwa baada ya ule wa mwaka 1761 ulioleta makaa ya mawe Manchester na kuishusha bei yake kwa nusu. Ule wa Pownall haukujengwa. Sisi tuliupenda hivyo hivyo, kwa sababu yule bwana hakuanza na jembe. Alianza na usawa.

Mheshimiwa, na sisi tukachora wa kwetu. Ramani ya kwanza mtaiona ukutani chumba cha Kidato cha Tatu, tumeiacha makusudi. Inaonesha mfereji wa vyombo kutoka Micheweni mpaka Mkoani, ukipita Chake Chake. Tulimpelekea mzee mmoja mvuvi aone. Akaitazama kwa adabu, kisha akasema, "Wanangu, chombo kinatoka Wete hadi Mkoani kila siku, na bahari haijamdai mtu achimbe." Pemba imeliwa na hori kila upande, bahari inaingia mpaka mlangoni. Ramani ile ilikufa hapo.

Tukaangalia na Unguja. Huko mambo ni mengine, maana upande wa maweni ukimwaga ndoo ya maji huioni tena; hata mto Mwera hauifikii bahari, unapotelea chini ya mawe. Na mjini kulikuwa na mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, ukafukiwa. Darajani jina limebaki, daraja hakuna. Mwenzetu aliyehamia kutoka mjini anasema mvua kubwa ikinyesha maji huwa yanakumbuka kwao. Sayyid Barghash, katika utawala wake wa 1870 hadi 1888, hakuchimba mto, alileta maji mjini kwa mabomba kutoka chemchem za upande wa Bububu. Kila ardhi na dawa yake.

Basi tukarudi bondeni, hapa chini ya skuli, walipo mama zetu. Wengi mliokaa hapa mna konde pale. Bonde lile lina chemchem kichwani na mtaro katikati, uliochimbwa na mradi mmoja wakati sisi tuko darasa la pili au la tatu. Masika yakija, makonde ya juu yanazama na mpunga unaoza. Ya chini, mita chache tu, yanangoja maji. Kila mwaka pana ugomvi, na kila mwaka analaumiwa mtu kuwa ameziba usiku. Hata baadhi ya mama waliopo hapa leo walishaitana kwa Sheha. Tunaomba radhi kulitaja jambo hili hadharani.

Hatuna darubini ya wapimaji. Tuna mpira mweupe wa mita 20, ule wa kuonekana ndani ambao mafundi waashi huutia maji wakapimia msingi, na miti miwili tuliyoichora sentimita kwa rangi. Ncha moja huku, nyengine kule, maji yakitulia yanakwambia ukweli. Tuliupima mtaro tokea chemchem, hatua 32 za mpira, jumla mita 640. Kwa jinsi tulivyosoma, mtaro wa udongo ukishuka mita moja kwa kilomita maji yanatembea bila kuula ukingo, kwa hiyo tulitegemea mteremko wa sentimita 64 toka juu hadi chini. Kituo cha kwanza hadi cha sita unashuka vizuri. Kituo cha saba sakafu ya mtaro inapanda sentimita 14. Tulipima mara tatu, mara ya tatu na fundi mwashi mwenyewe akiwa ameshika ncha. Sentimita 14, Mheshimiwa, ni shibiri moja ndogo, na ndiyo iliyokuwa inagombanisha watu. Hakuna aliyeziba usiku.

Maji yanayosimama pale yana na jambo jingine, nalo hatulipitii mbio. Kichocho kinaishi kwa konokono wa maji matamu, na konokono hupenda maji yaliyotulia yenye majani. Sisi tunameza dawa hapa skuli, kisha wadogo zetu wanakwenda kuoga kituo cha saba. Mbu waliwaua wachimbaji wa Panama. Sisi wetu ni konokono, na mfereji ukichimbwa vibaya tunamjengea nyumba. Kwa hiyo mtu akituletea habari ya mifereji mikubwa ya taifa, swali letu la kwanza litakuwa mteremko, na la pili nani ataukwatua majani baada ya wageni kuondoka.

Tumejaribu na udongo. Inasimuliwa kuwa James Brindley, aliyeusanifu mfereji ule wa makaa ya mawe, alikanda udongo mbele ya kamati ya Bunge akamimina maji, ili waone kuwa hauvuji. Tulichimba vishimo viwili, kimoja kwenye kinamo cha bondeni, udongo ule wa kunata, kimoja kwenye kichanga cha kilimani, tukavijaza jioni. Asubuhi cha kinamo kilikuwa na maji na chura mmoja, cha kichanga kilikuwa kikavu. Kwa hiyo mfereji wa kuuzunguka mlima kwa usawa mmoja, kama wa Pownall lakini wa upana wa pauro mbili, utahitaji kutandikwa kinamo kilichokandwa kila unapopita kwenye kichanga. Kinamo kipo, na miguu ya kukikanda ipo.

Mdomoni mwa bonde, kwenye mikoko, ndiko tulikoshindwa. Siku za maji mafu mtaro unamwaga vizuri. Siku za bamvua bahari inapanda, inarudi ndani ya mtaro, na konde za mwisho zinaingia chumvi. Mwenzetu mmoja alitaka mtaro ukatwe kina zaidi ili utoe maji haraka. Tulibishana wiki mbili. Ukikata kina unaifungulia bahari mlango, na ukikata mikoko ili upite unaivunjia ukuta. Tunadhani panahitajika lango dogo, la kufunguka maji ya mvua yanaposukuma kutoka ndani na kujifunga bahari inaposukuma kutoka nje. Tumelichora. Mchoro uko mezani, karibu na mfano wa Suez uliotengenezwa kwa boksi la maziwa, na tunaomba uutazame kwa jicho la huruma.

Sasa mtandao wa taifa uko wapi? Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tumeubadilisha. Ramani yetu ya pili haina mstari mmoja mrefu. Ina mabonde ya Pemba, kila moja na vituo vyake vilivyopimwa, na chemchem yake, na mahali bahari inapofika siku ya bamvua. Karibu na mabonde mengi pana skuli. Kila skuli ikipima bonde lake kwa mpira wa maji, kisha vipimo vikaunganishwa juu ya usawa mmoja wa bahari, patapatikana ramani ambayo mradi wowote utakaokuja, wa ndani au wa mkopo, utaikuta imeshasema wapi pana sentimita 14. Sisi tumejaza bonde moja. Mengine tumeyaacha meupe.

Kazi hii imekuwa na shida zake. Mpira umetoboka mara mbili, mara ya pili na kaa. Madaftari ya vipimo yalilowa tukaanza upya. Wazazi wengine walidhani tunapima mashamba ya watu ili yauzwe, na Mheshimiwa Sheha alitusaidia sana kuwatoa wasiwasi. Tunamshukuru.

Tunaomba, kwanza, darubini ya kupimia usawa, hata kuukuu, mradi kioo chake kizima, pamoja na mtu wa kutufundisha kwa siku moja au mbili. Tunaomba pia vipimo vyetu vihakikiwe na wataalamu wa ofisi yako kabla hatujamshawishi mtu achimbe, kwani tukikosea sisi watakaozama ni mama zetu. Hatuombi fedha za kukata kituo cha saba. Wazee wameshasema majembe na pauro zipo, wanangoja neno la mhandisi tu. Lango la mdomoni ndilo lililo juu ya uwezo wetu, na tungependa kujua gharama yake ili Kamati ya Skuli na wenye makonde wajue pa kuanzia.

Ombi la mwisho si la fedha kabisa. Ratiba inaonesha baada ya risala kuna ngonjera, kisha chakula. Kutoka hapa mpaka kituo cha saba ni dakika kumi na mbili kwa miguu. Mpira wa maji uko tayari, miti iko tayari, na mabuti tumeyaazima, ila saizi tumebahatisha.

Tunaomba kuwasilisha.