Kwa kijana wa feri ya Likoni

Kakangu, jina lako sikuuliza, na hilo laniuma hadi leo. Jumamosi jioni nilitoka Mji wa Kale na picha ya bibi yetu, tuliyomchoreshea kwa miaka yote aliyopika futari ya mayatima na kuosha maiti wasio na jamaa, asitake hata shukrani. Mchoraji alinionya: rangi ya mafuta hukaa siku nyingi ikiwa mbichi, isiguswe. Nami nikaipeleka feri saa ya watu kutoka kazini! Ujinga wangu.

Mvua ilipoanza uliniomba picha, ukaiinua juu ya kichwa uso ukitazama chini, mgongo wake ndio ulowe. Ukaishika hivyo mpaka ng'ambo. Watu wakisukumana, wewe ukisema tu, "Jamani, mama wa watu huyu." Mkono wa shati lako ukaingia wekundu wa leso yake, na ile haitoki kwa sabuni.

Bibi alipoiona alinyamaza, kisha akauliza mbona pua wamemkuzia. Nilipomweleza habari zako, picha akaisahau. Anataka kukuona. Njoo na lile shati.