Shukrani kwa kaka wa steshenari

Kaka uliyenihudumia jana jioni, jina sikukuuliza, lakini asante sana. Nilikuja kuskani tu ile karatasi yenye herufi zangu za mkono, ya Calligraphr, tovuti inayogeuza mwandiko wa mtu kuwa fonti ya kompyuta. Ukaona wino ni hafifu, ukanipa kalamu nyeusi nizikoleze, ndipo ukaiskani kwa dpi 300 (nukta 300 kwa inchi). Fonti ikatoka safi! Ila kwenye "ng'ombe" ritifaa ilikaa mbali mno na g. Ukafungua FontForge, programu ya kuhariri fonti, ukaisogeza taratibu mpaka neno likashikana, na wateja wamejaa nyuma yangu. Hukunitoza hata shilingi ya ziada. Leo nimewachapia wanafunzi wangu wa darasa la kwanza zoezi kwa mwandiko uleule wanaouona ubaoni. Mungu akuzidishie, kaka yangu.